Uradidi wa Elementi: Makundi na Mielekeo katika Jedwali Radidia

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na dhana ya uradidi mapema sana katika masomo yake. Ni mbinu ya kurudia sauti, neno au mshororo hadi msikilizaji akautazamia kabla haujafika. Kibwagizo cha shairi ni uradidi. Kiitikio cha wimbo wa kutwangia ni uradidi vilevile. Hata hivyo, ni wachache wanaotanabahi kwamba mzizi uo huo ndio uliotumiwa na baadhi ya waandishi wa sayansi kwa Kiswahili walipohitaji jina la mojawapo ya ugunduzi mkubwa katika taaluma ya kemia. Hilo ni jedwali radidia, yaani jedwali linalopanga elementi zote zinazojulikana, ambazo kwa sasa ni 118, katika safumlalo 7 na safuwima 18.

Wapo wanaoliita jedwali la elementi, basi. Jina hilo si kosa, ila limeacha nje jambo lenyewe. Elementi zingeweza kupangwa kwa alfabeti kama vidahizo vya kamusi, nalo lingekuwa jedwali la elementi bila shaka yoyote, lakini lisingemfunza mtu chochote. Kinachoutofautisha mpango huu na orodha ya kawaida ni kwamba tabia za elementi hurejea. Ukizihesabu moja baada ya nyingine kuanzia iliyo nyepesi zaidi, utakutana na metali laini inayotoa povu ndani ya maji, yaani lithiamu, katika nafasi ya 3. Utapita elementi kadhaa zisizofanana nayo hata kidogo, kisha katika nafasi ya 11 utakutana na metali laini inayotoa povu ndani ya maji, nayo ni sodiamu. Katika nafasi ya 19 ipo potasiamu, ya 37 rubidiamu, ya 55 siziamu. Kibwagizo ni kile kile. Ni urefu wa beti tu unaobadilika. Safumlalo ya kwanza ina elementi 2, mbili zinazofuata zina 8 kila moja, kisha 18 mara mbili, kisha 32 mara mbili.

Makala hii inanuia kueleza ni kwa nini kibwagizo hicho hurudi, na ni kwa nini kila kirudipo huwa kimebadilika kidogo. Jambo la kwanza ndilo linalozaa makundi. La pili ndilo linalozaa mielekeo.

Walioukisia mpango kabla ya sababu kujulikana

Mnamo mwaka wa 1829 mwanakemia Mjerumani Johann Döbereiner alionyesha kwamba baadhi ya elementi huja tatutatu. Klorini, bromini na iodini zinashabihiana sana kitabia, na uzito wa atomi ya bromini, ambao ni takriban 80, unakaribia kuwa wastani wa uzito wa ndugu zake wawili, 35.5 na 127. Mwaka wa 1865 Mwingereza John Newlands alizipanga elementi kwa uzito akadai kwamba kila ya nane inafanana na ya kwanza, kama noti za muziki. Alipousoma mpango wake mbele ya chama cha wanakemia jijini London mwaka wa 1866, mmoja wa waliohudhuria alimuuliza kwa kejeli iwapo aliwahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kosa la Newlands lilikuwa kutaka kila ubeti uwe na urefu sawa. Alikisikia kibwagizo, ila aliihesabu vibaya mishororo. Mwaka wa 1887, zaidi ya miaka 20 baada ya kuchekwa, alitunukiwa nishani ya Davy.

Sifa kubwa hupewa Mrusi Dmitri Mendeleev, aliyechapisha jedwali lake mwaka wa 1869 wakati elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Ushujaa wa Mendeleev haukuwa katika kupanga alichokuwa nacho, bali katika kuacha mapengo. Pale ambapo kibwagizo kilitakiwa kusikika nacho hakikusikika, hakuisogeza elementi inayofuata ili kuziba nafasi. Alisema kwamba iko elementi ambayo bado haijapatikana, akataja na sifa zake. Mtoto anayejua kisu na visu, kiti na viti, hahitaji kufunzwa wingi wa kifaru. Huutamka kabla hajausikia popote. Mendeleev alifanya vivyo hivyo kwa metali. Kwa kukosa majina, alizipachika elementi zake za kubuni kiambishi cha Kisanskriti eka, chenye maana ya moja: eka-aluminiamu ni ile iliyo hatua moja chini ya aluminiamu, eka-silikoni ni ile iliyo hatua moja chini ya silikoni.

Mwaka wa 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua metali mpya akaiita galiamu, akapima uzani wake kuwa gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Mendeleev, ambaye hakuwa amewahi kuiona wala kuishika metali hiyo, alisema kwamba hiyo ndiyo eka-aluminiamu yake na kwamba kipimo kimekosewa. Kinapaswa kuwa karibu na 5.9. Mfaransa huyo aliisafisha sampuli yake, akapima upya, akapata 5.9. Ni nadra katika historia ya elimu kwa mtu aliyeketi na karatasi kumsahihisha mtu aliyeketi na kitu chenyewe. Skandiamu ilifuata mwaka wa 1879, nayo eka-silikoni ikapatikana Ujerumani mwaka wa 1886 na kuitwa jermaniamu. Mendeleev alikuwa ametabiri uzito wa atomi wa 72. Kipimo cha leo ni 72.63.

Ilibaki kasoro moja iliyomkera. Kwa uzito, iodini hutangulia telariamu, lakini kwa tabia iodini ni ndugu wa klorini na bromini, hivyo sharti ije baada yake. Mendeleev aliifuata tabia akaupuuza uzito, akidhani kwamba uzito umepimwa vibaya. Katika hilo alikosea. Mwaka wa 1913 kijana Mwingereza Henry Moseley alitumia miali ya eksirei kubainisha kwamba kinachozipanga elementi si uzito bali ni idadi ya protoni katika kiini cha atomi. Telariamu ina protoni 52, iodini 53. Mpango wa Mendeleev ulikuwa sahihi kwa sababu ambayo yeye hakuijua. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka wa 1915 akiwa na umri wa miaka 27.

Kundi si ngeli

Msomi wa Kiswahili anaposikia kuhusu makundi ya elementi, yamkini atakumbuka ngeli za nomino. Ulinganisho huo una manufaa, maana katika hali zote mbili kujua kundi ni kujua mwenendo. Lakini una kikomo ambacho hakifai kufichwa. Hakuna anayeweza kueleza kikamilifu, kwa kulitazama jembe lenyewe, ni kwa nini likawa katika ngeli ya LI-YA. Ngeli ni mapatano ya wazungumzaji yaliyojengeka kwa karne nyingi, na lugha jirani huweza kukiweka kitu kile kile kwingineko. Kundi la elementi lina sababu iliyo ndani ya kitu chenyewe.

Sababu hiyo ni elektroni za nje. Atomi ina kiini chenye protoni, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni zilizojipanga katika matabaka. Tabaka la ndani likijaa, elektroni inayofuata huanza tabaka jipya. Atomi mbili zinapokutana, zinazogusana ni elektroni za tabaka la nje. Zile za ndani hazishiriki. Lithiamu ina elektroni 3, sodiamu 11 na potasiamu 19, lakini zote tatu zina elektroni moja tu katika tabaka la nje, na kwa shughuli za kikemia hiyo moja ndiyo inayohesabika. Elementi za safuwima ya pili zina mbili. Klorini na wenzake wa safuwima ya 17, waitwao halojeni, wana saba. Za safuwima ya 18 zina nane, isipokuwa heliamu yenye mbili, na tabaka lao la nje limetulia kiasi kwamba hazina haja ya kushirikiana na yeyote. Kibwagizo hurudi kwa kuwa kila tabaka jipya huanza upya na elektroni moja.

Wanakemia wenyewe hupenda kusema kwamba atomi inataka kupata elektroni nane. Atomi haina moyo wala matamanio. Ni njia fupi ya kusema kwamba mpangilio huo una nishati ndogo zaidi, na msomaji wa fasihi atautambua kuwa ni tashihisi.

Safuwima ya kwanza na jiko la Mkenya

Wanafunzi wengi hushangazwa na alama za elementi mbili za kundi la kwanza. Ikiwa jina ni sodiamu, mbona alama ni Na? Ikiwa ni potasiamu, mbona ni K? Jibu liko karibu na Kiswahili kuliko lilivyo karibu na Kiingereza. Na ni ufupisho wa natrium, jina lililopitia Kiarabu natrun, ambayo ni magadi yaokotwayo kando ya maziwa yaliyokauka. K ni ufupisho wa kalium, kutokana na Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea; humo ndimo lilimotoka pia neno alkali, ambalo ni jina la kundi zima. Sodiamu na potasiamu ni majina aliyoyatunga Humphry Davy jijini London mwaka wa 1807 alipozitenga metali hizo kwa nguvu ya umeme: la kwanza kutokana na soda, la pili kutokana na neno lenye maana ya majivu ya chungu.

Jiko la Mkenya, kwa hiyo, limezijua metali hizi mbili kwa muda mrefu, japo si kwa majina hayo. Magadi yanayolainisha maharagwe, na yanayochimbwa katika ziwa lenye jina hilo hilo kusini mwa Nairobi, ni chumvi ya sodiamu. Maji yanayochujwa katika majivu ya mimea na kutiwa kwenye mboga za kienyeji huko magharibi mwa nchi yana chumvi ya potasiamu. Mpishi anayekosa kimoja akatumia kingine, na mboga zikalainika vilevile, ameonyesha maana ya kundi kwa njia iliyo wazi kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Baadhi ya waandishi wamependekeza natiri na kali badala ya sodiamu na potasiamu. Pendekezo hilo lina mantiki, maana linaoanisha jina na alama, na natiri inastahili kufikiriwa. Lakini kali litaleta utata usio wa lazima katika lugha ambayo tayari ina kivumishi cha Kibantu -kali. Sentensi itakayosema kwamba kali ni metali kali itamchekesha mwanafunzi badala ya kumwelimisha. Sodiamu na potasiamu zimekwisha kuota mizizi; kinachohitajika ni mwalimu kueleza asili ya alama, kazi isiyochukua zaidi ya dakika tano.

Moto na wanaouota

Undugu wa kundi hauna maana ya usawa. Lithiamu ikitiwa majini hutoa povu taratibu. Sodiamu huyeyuka ikawa tone linalokimbia juu ya maji likitoa sauti ya kuchemka. Potasiamu huwaka papo hapo kwa mwali wa zambarau. Rubidiamu na siziamu hulipuka. Kiwango cha kuyeyuka nacho hushuka: lithiamu nyuzi 180 za Selsiasi, sodiamu 98, potasiamu 63, rubidiamu 39, siziamu 28.5. Alasiri ya kawaida ya Mombasa inatosha kuiyeyusha siziamu ndani ya mrija wake, nao mrija huo sharti uzibwe kabisa, kwa kuwa metali hiyo hushika moto ikiguswa na hewa.

Ili kuelewa mwelekeo huu, tuchukue mfano wa watu wanaouota moto usiku wa baridi. Kuni ni protoni zilizo katika kiini. Watu ni elektroni. Walioketi mstari wa mbele hupata joto lote. Walio nyuma yao wako mbali zaidi, na isitoshe migongo ya wenzao inawakinga. Sasa, kila tunaposhuka hatua moja katika kundi, kuni huongezwa, lakini mstari mzima wa watu huongezwa pia kati ya moto na yule wa mwisho. Kuni zilizoongezwa humezwa na migongo iliyoongezwa. Mtu wa mwisho anasikia joto lile lile au pungufu, kutoka mbali zaidi, na ni rahisi kumshawishi aondoke. Ndiyo maana atomi hupanuka tunaposhuka, kutoka pikomita 152 kwa lithiamu hadi 265 kwa siziamu, na nishati inayohitajika kuing'oa elektroni ya nje hupungua kutoka kilojuli 520 kwa kila moli hadi 376. Elektroni ikiondoka kwa wepesi, mmenyuko huwa mkali. Mambo haya matatu, ambayo aghalabu hukaririwa na wanafunzi kama kanuni tatu tofauti, ni jambo moja.

Tukienda kulia katika safumlalo moja, hali ni nyingine kabisa. Kuni zinaongezwa na mtu mmoja anaongezwa kila hatua, lakini anayekuja anaketi mstari ule ule na wenzake, bega kwa bega. Hamkingi mwenzake kwa kiasi kikubwa. Moto umekuwa mkubwa na migongo iliyo mbele ni ile ile, kwa hiyo wote wanavutwa karibu. Matokeo yake huwashangaza wengi wanaoyasikia kwa mara ya kwanza: kadiri atomi inavyoongezewa vitu, ndivyo inavyokuwa ndogo. Sodiamu yenye elektroni 11 ina nusukipenyo cha pikomita 186. Klorini yenye 17 ina 99 tu. Nishati ya kung'oa elektroni nayo hupanda kutoka 496 kwa sodiamu hadi 1,251 kwa klorini na 1,521 kwa agoni.

Kupanda huko si kwa mstari ulionyooka. Aluminiamu (578) iko chini ya magneziamu (738) iliyo kushoto kwake, na salfa (1,000) iko chini kidogo ya fosforasi (1,012). Mstari mmoja wa waketio una viti vya aina mbili. Elektroni ya mwisho ya aluminiamu ndiyo ya kwanza kukalia viti vya aina ya pili, vilivyo nyuma kidogo. Na elektroni ya mwisho ya salfa inalazimika kubanana na mwenzake kwenye kiti kimoja, ilhali zote zina chaji hasi na husukumana. Vitabu vingi huviita vighairi. Ni afadhali viitwe ushahidi, maana ndivyo vilivyowathibitishia wanasayansi kwamba matabaka yana vijitabaka ndani yake.

Katika halojeni, mwelekeo wa ukali umepinduka ingawa sababu haijabadilika. Hizi hazitoi elektroni, bali huchukua. Mchukuaji hodari ni yule ambaye moto wake unawafikia wa nje bila kukingwa, yaani atomi ndogo. Kwa hiyo florini, iliyo juu, ndiyo kali kuliko zote. Klorini hufuata, kisha bromini, kisha iodini. Linus Pauling alipounda kipimo cha mvuto huu mwaka wa 1932, florini ilikaa kileleni, ikiwa na takriban 4.0, na siziamu ina 0.79. Pembe mbili za jedwali zinazotazamana kwa mshazari ndizo zenye ghasia. Katikati yake mna mpaka wa elementi zisizo metali kamili wala zisizo kinyume chake, na safuwima ya 14 huuvuka mpaka huo yote: juu kuna kaboni, ambayo ni makaa, chini yake silikoni, kisha jermaniamu, bati, na risasi. Asiyejua sababu hawezi kuamini kwamba makaa na risasi ni wa ukoo mmoja.

Kinachotegemea konsonanti moja

Florini tupu ilimshinda kila aliyejaribu kuitenga hadi Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka wa 1886. Kabla yake walikuwapo waliodhurika na hata kufa katika jaribio hilo. Inapokwisha kuchukua elektroni yake, hata hivyo, huwa kitu kingine. Huwa floridi, iliyotulia, na ndiyo inayotiwa katika dawa ya meno. Vivyo hivyo klorini ni gesi ya sumu iliyotumiwa vitani Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ilhali kloridi imo katika chumvi ya mezani. Tofauti kati ya -ni na -di katika maneno haya si ya tahajia.

Katika Bonde la Ufa suala hili si la darasani. Miamba ya volkeno huyapa maji ya visima na maziwa mengi ya eneo hilo floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya hudhurungi; kiasi kikizidi sana, mifupa nayo huathirika. Floridi ni ndogo na ina chaji moja hasi, hivyo huingia kwa urahisi katika madini ya jino na kuchukua nafasi ya chembe nyingine ya ukubwa unaokaribiana nayo. Kidogo huliimarisha jino, kingi huliharibu. Kemia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za sekondari za Kenya na Tanzania, lakini mzazi wa mtoto huyo ataelezwa kwa Kiswahili, aghalabu na mtu aliyesomea lugha. Mfasiri atakayeandika kwamba maji yana florini atakuwa ameandika jambo lisilo kweli na la kutisha. Atakayeandika kwamba yana madini mabaya hatakuwa amesema kitu.

Undugu wa safuwima una hatari nyingine, nayo ni kwamba mwili hudanganyika. Strontiamu iko moja kwa moja chini ya kalisiamu, na mwili hauna njia madhubuti ya kuzitofautisha. Mataifa makubwa yalipokuwa yakilipua mabomu ya nyuklia angani katika miaka ya 1950, strontiamu-90 ilianguka malishoni, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe, kisha katika mifupa ya watoto kana kwamba ni kalisiamu. Utafiti ulioanza mwaka wa 1958 huko St. Louis, Marekani, uliipata katika meno ya utotoni yaliyong'oka. Huchukua takriban miaka 29 nusu yake kuisha. Siziamu-137 iliyotawanywa na ajali ya Chernobyl mwaka wa 1986 ilifuata njia ya potasiamu, ikaenea katika misuli. Mtu aliyejua jedwali angeweza kukisia ni wapi mwilini kila moja ingejificha.

Bwete au adimu?

Imebaki safuwima ya 18. Agoni ilitambuliwa mwaka wa 1894 ikapewa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu, na Kiswahili kilipoziita gesi hizi bwete kililenga shabaha hiyo hiyo. Lakini mwaka wa 1962 Neil Bartlett, akifanya kazi nchini Kanada, aliunda kampaundi ya zenoni, na tangu hapo imekuwa vigumu kudai kwamba kundi zima limelala. Jambo hilo lingetarajiwa: zenoni iko chini katika kundi, elektroni zake za nje ziko mbali na moto, na florini iliyo kali inaweza kuzivuta. Wengine hupendelea gesi adimu. Hilo nalo lina walakini, maana agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa yote tuvutayo, zaidi ya mara 20 ya kaboni dayoksaidi. Kati ya majina mawili yenye kasoro, bwete lina afadhali kwa kuwa angalau linazungumzia tabia, na tabia ndiyo msingi wa kundi.

Mwaka wa 2016 elementi nne za mwisho za safumlalo ya saba zilipewa majina rasmi, ikiwamo oganesoni, ya 118, na safumlalo hiyo ikajaa. Elementi ya 119 bado haijaundwa katika maabara yoyote. Itakapoundwa itafungua safumlalo ya nane na kuketi chini ya fransiamu katika safuwima ya kwanza, nayo tunaitazamia iwe metali laini yenye elektroni moja ya nje, kali kuliko zote zilizoitangulia. Ila fransiamu yenyewe imeshaanza kuyumba: kung'oa elektroni yake huhitaji kilojuli 393, zaidi ya siziamu. Katika atomi nzito kiasi hicho, elektroni huenda kwa kasi inayosogea kasi ya mwanga, nazo huvutwa karibu na kiini kuliko ilivyodhaniwa. Mahesabu yanaonyesha kwamba elementi ya 119 itaishikilia elektroni yake kwa nguvu zaidi hata ya fransiamu.